Mtoe Anayeuma

Al-Khuwair, ghorofa ya tatu, mwezi wa nane.
Kioo cha dirisha huwezi kukigusa,
na ndani, chini ya kiyoyozi,
tangi langu la lita mia na ishirini
linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Wawili niliwaleta kutoka Ruwi
katika mfuko uliovimba hewa, nikaupakata
garini kama mtoto mchanga:
rangi ya chungwa, mikanda mitatu myeupe,
jike mkubwa, dume kama kidole changu cha mwisho.
"Hawa mke na mume," alisema Biju muuzaji
kwa Kiarabu chake cha dukani,
nami nikamjibu kwa changu cha Unguja.

Wiki mbili za heri.
Ya tatu, Bi Mkubwa kalitwaa jiwe la kushoto,
na la kulia pia, na anemoni, na pampu,
na ule uwazi uliobaki katikati.
Dume akisogea, mbio, mpaka pembeni juu
penye mapovu, mkia umechanika
kama pindo la kanga lililonaswa na msumari.
Akalala ubavu, akatetemeka mwili mzima.
Ndivyo wanavyoamkiana, nilisoma mahali,
ndiyo shikamoo yao.
Bi Mkubwa hakuitikia.

Salha, mdogo wangu, alikuwa akitazama nami.
Ana miezi minne hapa, tangu talaka.
Analala chumba cha cherehani,
nguo zake bado zimo sandukuni
kwa sababu kabati, nilimwambia, limejaa.
"Tumtoe huyu mdogo," nilisema, "maskini, atauliwa."
Nikampigia Biju.

Biju alicheka hata simu ikakwaruza.
"La, mama. Ukimtoa anayeumwa,
siku ya kurudi atakuwa mgeni,
na mgeni hupigwa mara mbili.
Mtoe anayeuma.
Mtie katika kitu chenye matundu, humo humo majini,
aone, asifike. Siku tatu, nne.
Kisha mawe yote yahamishe.
Akitoka asijue pa kusema pangu."

Basi kichujio changu cha wali,
plastiki ya kijani, kimetoka nami Kikwajuni,
kikaning'inia ukingoni kwa vibanio vya nguo,
na ndani yake Bi Mkubwa akizunguka, akizunguka,
akiyapiga matundu kwa pua.
Wali tukauchuja kwa mfuniko wa sufuria.
Ukawa bokoboko. Tukaula.
Siku ya pili yule mdogo alishuka.
Siku ya tatu alikula uduvi bila kuangalia nyuma.

Mawe niliyahamisha mwenyewe,
maji mpaka kwapani, chumvi ikiniwasha,
la kushoto kulia, la kulia nikalilaza chali,
na nilipokuwa nimeinama hivyo
nikaona, ng'ambo ya maji,
Salha akiingia jikoni kwa ncha za vidole,
akifungua friji polepole,
akinitazama kwanza
kabla hajagusa maziwa.

Sikusema kitu. Mkono ulikuwa ukichuruzika.

Alhamisi nikafunga begi.
"Nakwenda Nizwa kwa Raya. Siku nne."
"Na samaki?"
"Kesho mfungulie. Wakipigana, mrudishe kichujioni."
"Na nyumba?"
"Nyumba ipo. Kabati nimelipunguza."
Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi
na hajui aseme au anyamaze.

Picha alinitumia moja tu, Jumamosi usiku:
dume kalala ubavu, ukungu wa mtetemo,
na jike kampa mgongo, anakula.
Chini yake kaandika: *ameitikia, nadhani.*

Jumatatu, saa kumi, joto limeshika ngazi nzima.
Mlangoni kwangu kibao cha viatu kimehamia kushoto.
Ndani unafukizwa udi ambao sikuununua mimi,
na kuna kitu kizito kinaburutwa sakafuni,
sofa, kama si meza,
na mtu anaimba kwa sauti
ambayo sikuisikia tangu tulipokuwa wasichana.

Funguo nilikuwa nazo mkononi.
Nikabisha hodi.