Mkono wa Maimu

Maimu hunawa kabla hajanigusa,
hadi kwenye viwiko, kama anayetoka kukanda unga,
kisha huyapima maji ya kuniogeshea
kwa kifundo cha mkono, si kwa kipimo.
Miaka arobaini nilikaza nyuzi za piano katika mji huu wa Tartu;
naujua mkono unaosikiliza.

Riho ana mkono wa baridi.
Hunigeuza kama gunia la viazi, jicho kwenye saa.
Lakini katika orodha iliyobandikwa mlango wa ofisi
jina la Riho lina nukta ya kijani: amechanjwa.
Mbele ya jina la Maimu pako peupe,
peupe kama theluji ya uani ambayo haijakanyagwa.

Damu yangu imeishiwa askari.
Daktari alinichorea kwenye karatasi: hapa palikuwa na kikosi,
sasa wamebaki walinzi wawili, na mmoja anasinzia.
Homa yako ya mafua, Maimu, ni siku tatu za chai ya limau.
Homa hiyo hiyo, kwangu, ni jeneza.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Valdur.
Februari, siku ya Jumanne, alianza kukohoa;
Ijumaa walikunja godoro.
Nani alimletea? Homa haiachi sahihi.
Huenda ni mjukuu, huenda ni mpishi, huenda ni mimi.
Tulinyamaza sote, na ukimya ule
ulinuka dawa ya kusugulia sakafu.

Kinga ni bora kuliko tiba, husema watu.
Hawasemi kinga ya nani, mwilini mwa nani.
Kwangu chanjo haishiki: mbegu juu ya mwamba.
Kwa hiyo ukuta wangu hauna budi kujengwa begani mwa mtu mwingine,
na bega si mali yangu.
Hapo ndipo ninapokwama, usiku, nikihesabu matone ya dripu.
Nina haki gani ya kumwomba mtu damu yake ibadilike kwa ajili yangu?
Na pumzi yake ina haki gani ya kuingia kifuani mwangu bila hodi?

Aliwahi kunisimulia. Alikuwa na miaka saba,
shuleni, wamepangwa foleni bila fulana,
sindano moja inachemshwa sufuriani na kurudi, inachemshwa na kurudi.
Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeeleza.
Mkono wa dada yake Leida ulivimba ukatunga usaha,
na mama yao akaambiwa afunge mdomo.
"Tangu siku ile," alisema, "ufunguo wa ngozi hii nimeushika mwenyewe."
Nilielewa. Bado naelewa.
Kuelewa hakujaniongezea hata askari mmoja.

Jana alikuwa ananiosha miguu, kidole kwa kidole,
nikasema, bila kumtazama:
"Maimu. Nenda ukachanjwe."
Maji yakatulia ndani ya beseni.
"Na nikikataa, wakaniondoa, nani atakuosha hivi?"
"Riho," nikasema. "Nami nitaishi, nikilalamika."
Hakucheka. Alikausha kidole cha mwisho,
akanivisha soksi, akainyoosha vizuri kisiginoni,
akatoka bila kuurudisha mlango.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hawakusema mgeni aje na nini.

Leo amekuja saa ile ile.
Ameniogesha kwa mkono wa kulia tu, taratibu,
wa kushoto ameubana ubavuni
kama mtu aliyeficha yai kwapani.
Huenda ni sindano. Huenda ni mashuka ya jana, mazito kwa maji.
Kutoka kitandani siioni orodha.
Sikuuliza.
Maji yalikuwa na joto lile lile.