Uzi Mdomoni

Rusail, kwenye viwanda, jengo la tatu ukipita pampu ya petroli:
hapo mashine zangu kumi na mbili
zinashona kofia mia nne kwa siku,
haziumwi vidole, hazisali, haziulizani habari za watoto.
Ua la kwanza na ua la elfu
ni mapacha wasiojuana.

Mwaka huu nimepewa tuzo. Ya kioo, nzito,
Mundhir bin Saleh kwa herufi za dhahabu.
Nimeiweka ofisini juu ya kabati.
Jioni taa zikizimwa inabaki kunitazama
kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai.

Sikumbuki nilianza lini kulala kwa vidonge.
Nadhani mwaka ule tulipofungua duka la Dubai.
Au tulipohamia Mawaleh, nyumba ya vyoo saba
na watu watatu.

Ijumaa nikaenda Ibra.
Mama amekaa chini ya kiyoyozi kinachokohoa,
kofia ya viua mapajani. Ileile.
Aliianza mjukuu wake hajaota meno;
mjukuu sasa anaendesha gari, tena kwa fujo.

"Mama, kwangu mimi hii ni dakika arobaini."
Hakuinua kichwa.
"Na hizo zinazobaki, unazipeleka wapi?"

Nikacheka. Nikatafuta jibu.
Kiyoyozi kikakohoa badala yangu.

Akanionyesha kwa ukucha:
hili la usiku ulipopasuliwa kidole tumbo,
tazama lilivyopinda.
Hili, umeme ulikatika mji mzima, tukalala juu ya dari,
Bi Thuwaiba akatuchekesha mpaka adhana ya alfajiri.
Hili nililishona nimemkasirikia baba yako, Mungu amrehemu,
ndiyo maana vitundu vyake vimebana hivi,
hata upepo havipitishi.
Na hili lina majani matano, wenzake wana sita:
ulinipigia simu kuniambia benki wamekubali.
Nikasahau kuhesabu.

Kule Rusail ua likipungua jani
kengele inalia, taa nyekundu inawaka,
na kijana aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu
anaitupa kofia pipani.
Kila mwezi naletewa idadi yake. Mwezi uliopita, tatu.
Niliwapongeza.

Nikamuuliza, labda kwa kuwa nilikuwa nimechoka,
labda kwa kuwa barabara ya kurudi ni ndefu:
"Mama, wewe umepata kuwa na furaha?"

Alinitazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya kivuli.
"Macho yamekataa," akasema. "Nitungie sindano."

Mkurugenzi mzima!
Mara ya kwanza uzi ukakwepa kushoto.
Mara ya pili nikadhani umepita, kumbe umepita pembeni.
Mara ya tano ncha ikachanuka kama mkia wa paka aliyetishwa.
Nikailamba, nikaisokota,
kama nilivyofundishwa kabla sijafundishwa kusoma,
sakafuni hapahapa, magoti yakigusana na yake.
Mara ya saba, ya nane.
Kisha sikujua tena ni ya ngapi.

Simu ikalia mfukoni. Ikanyamaza.
Ikalia tena. Dubai.

Nilikuwa na uzi mdomoni.