Deni la Mushagasha

Safari kumi na moja niliteremka na mbao
kutoka Ndosho mpaka bandari ya Kituku,
chukudu ikilia, goti langu la kushoto
likisugua kipande cha kandambili nilichokipigilia misumari.
Mbao zikapanda boti. Mimi nikabaki ukingoni.
Zilikokwenda sikupajua.

Miezi minane baadaye Mushagasha akaniita:
"Kambale, wageni wamekatika. Mfukoni ni upepo.
Lakini hema zipo tano, na vitanda vimetandikwa.
Njoo na mama watoto, mlale usiku mbili,
tuhesabu tumelipana."

Masika alipiga hesabu kwa vidole, akairudia:
usiku mmoja kule, kwa bei ya mzungu,
ni magunia matatu ya unga wa muhogo
na chenji ya sabuni.
"Basi twende tukalale unga," akasema.
Akajifunga kitenge cha ubatizo wa kitinda mimba.

Hema lina zipu kama koti.
Ndani, kitanda kipana, na hatukujua nani alale wapi:
nyumbani watoto ndio hutupangia.
Sakafu niliitambua kwa nyayo kabla ya macho.
Ubao huu wenye jicho jeusi
uliniangusha kwenye kona ya Birere siku ya mvua.
Ule uliochanika mwisho, polisi aliukalia
mpaka nilipompa franka mia tano.
Nikavua viatu, nikazipitia moja moja
kama mtu anayeamkia wakwe.

Jioni wakaleta sambaza za kukaanga, ndizi,
na kitambaa cheupe kilichokunjwa kama bata.
Masika hakukikunjua.
Kijana wa kuhudumu, Bisimwa, akatuuliza kwa Kifaransa
kama maji tunayataka yenye gesi.
Masika akalitazama ziwa:
"Gesi si imejaa humo chini, jamani?"
Kijana akacheka, Kifaransa kikamtoka, akavuta kiti.
Kumbe mama yake anauza makala nyuma ya nyumba yetu.

Usiku, mlima ulikuwa mwekundu juu ya mawingu
kama jiko ambalo mtu amesahau kulifunika.
Sisi hulala miguuni pake na hatuutazami;
nani autazame, na bidoni nne zinangoja maji?
Hapa tumewekewa viti viwili vya kuutazamia.

Ng'ambo, Goma ilikuwa mstari wa taa.
Kisha umeme ukakatika upande mmoja,
nikanyoosha kidole: "Nyumbani ni pale."
Nilipajua kwa giza lake.
"Watoto wamewasha kibatari?" Masika akauliza,
na swali likakaa katikati ya viti vile viwili
muda mrefu.

Wavuvi walipita na taa zao, wakiimba wasisinzie.
Tuliwafuata kwa masikio mpaka sauti zikaisha,
ukabaki mdundo wa kasia.
Halafu kimya, kizito kama blanketi la mgeni.
Hatukulala.
Usiku wa pili hatukuungoja.

Alfajiri Masika alitandika kitanda mwenyewe,
pembe zikakaa sawa kuliko tulivyozikuta.
Akafunga sabuni ndogo mbili kwenye pindo la kitenge.
Ya tatu akairudisha mahali pake.
Akafika mlangoni, akarudi, akaichukua.

Mushagasha akaja na daftari la wageni.
Mistari ya juu: Ubelgiji, Kanada, Ubelgiji,
tarehe zote za mwaka juzi.
Chini ya *Nchi* niliandika: hapo ng'ambo.
Chini ya *Maoni* kalamu ilinigomea.
Masika, ambaye husema mwandiko wangu ni nyayo za kuku,
akaninyang'anya, akaandika kwa herufi kubwa,
polepole, ulimi nje:

MBAO NI NZURI.
USIKU MMOJA BADO TUNAKUDAI.