Ua Nambari Kumi na Saba

Ninazo tatu, za ua lilelile.
Nyuma, nambari kumi na saba, Irisi,
kwa chapa ya mashine iliyokuwa ikiishiwa wino.
Mbele, hariri.

Ya kwanza ni zambarau, kama ilivyoagizwa.
Ya pili buluu,
buluu ya sare ya shule iliyofuliwa miaka mitatu.
Ya tatu sijui niiiteje:
ganda la marakuja
lililosahauliwa dirishani hadi likakunjamana.

Cirimwami, mnunuzi wa vikale pale Nyawera,
aliinamia ile ya buluu na lenzi yake ya fundi saa.
"Hii ni kosa," akasema, na sauti ikashuka kama ya mtu kanisani.
"Kosa lina bei."
Akataja dola arobaini.

Nikapanda nazo Kadutu, matope hadi kifundoni,
kwa nyanya Nsimire aliyezitarizi
enzi za sigara za pakiti ya bati:
wanaume walivuta moshi,
wake zao walidai ua.

"Kosa?" Akacheka mpaka akakohoa.
"Ile mwezi daraja ya Ruzizi ilifungwa.
Violeti ilibakia ng'ambo na gari.
Nilifanya je? Niliweka ile ilikuwa."

Ya tatu hakuitazama; macho yake yana ukungu tangu Pasaka.
Aliigeuza. Kidole gumba kikatembea mgongoni mwa ua,
kule ambako nyuzi husema ukweli,
kikasimama.

"Hii mkono haiko yangu.
Ni ya Nabintu. Yeye alifungaka fundo mara mbili."

Kadi kumi na mbili kwa siku.
Kumi na moja, hulipwi hata moja.
Jioni ile kikapu cha nyuzi kilikuwa kitupu,
na Nabintu akavua kitambaa chake cha kichwa,
cha hariri, cha arusi,
akakifumua pembeni, uzi kwa uzi,
akiulainisha kila mmoja kwa mate,
mpaka petali la mwisho.

Nilishuka Nyawera, nikauza kosa.
Dola thelathini na tano; alikuwa amefikiri usiku.
Zimekuwa dawa ya macho na nusu gunia la makala.
"Na ile ya tatu?" akauliza, lenzi tayari jichoni.
Nikamwambia hiyo haimo katika mfululizo.

Nyanya analala nayo mkononi.
Hahitaji taa.
Anapapasa: fundo,
halafu fundo tena.