Umeme Uliobaki

Lemanya aliileta kwa baiskeli kutoka Hombolo,
imefungwa kwa mipira ya tairi kama mbuzi wa mahari:
amplifaya ya valvu, kuukuu,
kitambaa chake cha mbele kimeliwa na mende.
"Fundi yuko wapi?" akaniuliza.
Nikaendelea kufungua skrubu mpaka akaelewa.
"Inanguruma, dada. Halafu inanuka.
Halafu fyuzi inakwenda. Na Jumamosi kuna harusi."

Kila mgonjwa hapa Majengo huja na Jumamosi yake.

Nani aliifungua kabla yangu?
Akatazama viatu. "Shemeji."
Kazi ya shemeji nikaikuta ndani:
mahali pa fyuzi, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.
Shemeji, Mungu akuweke,
ila akuweke mbali na nyumba yangu.

Nikatia fyuzi ya kweli. Nikaunga spika kwanza,
maana amplifaya ya valvu ukiiwasha bila spika
ni mtu anayepiga chafya huku ameziba pua na mdomo;
kinachopasuka ni transfoma.
Njiani nikaweka balbu ya wati mia, mlinzi wa getini.
Nikawasha.
Balbu iling'aa, ikafifia kidogo, ikang'aa tena, ikakataa kutulia.
Kuna anayekula zaidi ya sahani yake.
Na valvu ya kulia, bati la tumboni mwake
likaanza kuiva, jekundu,
kama tofali linalochungulia kutoka tanuruni.

Hapo umeme ukakatika.
Mtaa mzima. Mashine ya kinyozi ikafia
katikati ya kichwa cha mtu,
friji la Mama Nhonya likakohoa, likalala.
Lemanya akafurahi: "Bahati! Sasa ingiza mkono."
Wake ulikuwa umeshatangulia.

Nilimdaka kifundo.

Wewe mtu wa Dodoma, nikamwambia,
bomba likikauka, simtanki ya jirani nayo hukauka?
Shirika limezima la kwake.
Humu kuna kapasita mbili, nene kama vidole gumba,
zimeshateka, zimejaa, zimetulia,
na hazisomi tangazo la mgao.

Nikachomoa waya ukutani hata hivyo:
umeme ukirudi haupigi hodi.
Mkono wa kushoto mfukoni.
Wa kulia ukashika rezista niliyoifunga kwenye mpini wa plastiki,
ikanywa taratibu.
Mita: mia tatu themanini.
Mia mbili na kumi.
Tisini.
Kumi na moja.
Sifuri.
Nikapima tena. Sifuri ya kwanza ni uvumi.
Kidole changu cha shahada kina kovu jeupe,
ukubwa wa punje ya mtama;
mwaka ule niliamini uvumi.

Mkosaji alikuwa kapasita mdogo wa kahawia,
askari wa kizuizini kati ya valvu na valvu:
muziki upite, volti zibaki.
Amezeeka, anapitisha vyote.
Nikamng'oa. Mbadala wake nikamsoma volti mara mbili,
nikamlehemu kwa pasi ya shaba
niliyoipasha kwenye jiko la Mama Nhonya,
katikati ya mihogo yake.
Moshi wa risasi, moshi wa mihogo.
Lemanya hakusema neno. Alikuwa anakitazama kifundo chake.

Saa moja usiku umeme ukarudi.
Balbu iling'aa, ikafifia,
ikabaki imefifia.
Akachomeka gitaa, akapiga nyuzi mbili tu, za chini,
na vumbi la kibandani likashuka kwenye rafu.

Kitufe cha sauti bado kinakwaruza kikifika sita.
Lete Jumatatu, nikamwambia, ni uchafu tu.
Akakataa. "Hapo ndipo inapocheka."

Alilipa nusu kwa noti, nusu kwa boksi la zabibu.
Nilifunga kibanda, nikavuka barabara, nikafika nyumbani
nikila zabibu kwa mkono wa kulia.
Wa kushoto ulikuwa bado mfukoni.