Mlima Unaoanzia Kileleni

Newala mlima wetu umegeuzwa juu chini:
unaamka uko kileleni tayari, kanga mbili mabegani,
ukungu wa Julai umekaa uani kama mgeni asiyeaga.
Ukitaka kupanda, sharti kwanza ushuke.

Miaka thelathini na moja nilikaa mbele ya mizani ya chama,
magunia ya korosho yakipita, nami naandika:
themanini. Sabini na tisa na nusu. Hili la nani? Toeni mawe.
Siku ya kuniaga walinipa keki na saa ya ukutani.
Tangu hapo nalala saa sita, naamka saa nane,
naisikiliza saa ile ikipima, ikipima,
na gunia silioni.

Daktari alisema, tembea.
Jirani yangu Esha Lipapa akasema, utembee uende wapi,
sokoni umebakiza nini?

Nikaishika njia ya maji.
Hakuna aifuataye maji siku hizi, bomba limeiua,
nyasi zimeifunika, lakini mguu unaikumbuka:
hapa pana jiwe lenye kishimo cha kisigino,
kisigino cha bibi yangu Nantende, na cha mama yake,
na cha wake wenza wa mama yake,
walioondoka jogoo la kwanza, wakashuka genge hili
wakarudi jua la utosi, mtungi kichwani,
tawi bichi likielea juu ya maji yasiruke.

Mimi nimebeba chupa ya dukani
na aibu kidogo.
Wao walipanda ili watu wanywe.

Nyuma yangu, juu, mabomba ya salfa yananguruma mikorosoni,
halafu yananguruma kidogo,
halafu ni pumzi yangu tu.
Mbele, bonde limefunguka pote kwa mara moja,
Ruvuma uzi uliodondoka kwenye cherehani ya mtu,
na vilima vya Msumbiji, vya buluu, havinijui.
Nilikaa chini. Nililia, sikujua nalilia nini,
nikajipangusa kwa pindo la kanga, nikaendelea kushuka.

Chini nilimkuta kijana, Dadi, anachimba ming'oko.
"Bibi, umepoteza mbuzi?"
Sijapoteza mbuzi.
"Umefuata nini basi?"
Nimeshuka ili nipande.
Akaegemea jembe, akaniangalia kama hesabu isiyotoka.
Kisha akainama, akakusanya mafungu mawili, udongo na yote.
"Basi chukua hii. Genge hili halipandwi mikono mitupu."

Nikafunga ming'oko kwenye kanga, nikajitwika.
Shingo yangu, ambayo haijawahi kubeba kitu kizito kuliko mkufu,
iliuliza mara moja, ikanyamaza.
Hatua, pumzi. Hatua, mzizi. Hatua, magoti yakinitukana.
Mara nne nilisimama. Mara ya tano nilikaa
nikanywa maji yote, nikayamwagia na jiwe lile lenye kishimo,
kidogo, kama mtu anayelipa deni la watu wengine.

Kilo mbili na robo, nilikisia, kwa mazoea.
Halafu nikajikatalia. Nani ameuliza?
Mzigo ulikuwa na uzito wa kufika.

Nilipotokeza juu ukungu ulikuwa umeondoka bila kuaga,
mikorosho imetoa maua, harufu ile ya utamu mkali,
na Esha amesimama kizingitini, mikono kiunoni:
"Mwenzangu, umetoka kuzikwa?"
Washa jiko, nikamwambia.

Tulikula ming'oko kwa chumvi mpaka vidole vikanata.
Usiku saa ya ukutani iliendelea na kazi yake.
Sikuisikia ilipopiga saa nane, wala tisa.
Asubuhi sikuweza kukunja mguu,
nikacheka peke yangu, kitandani, kwa sauti.

Kesho kutwa nashuka tena.
Kanga nimeshaifua. Ile fundo lake
bado halijakunjuka vizuri.