Hatua za Darajani

Daraja la Sabaki lina hatua mia mbili na kumi na tatu.
Najua, maana mwaka huu nimeanza kuzihesabu.
Zamani nililivuka kama mtu apigaye chafya.

Malindi hadi Mambrui na kurudi, kila alfajiri,
kwa miguu ya kuazima, na mwenyewe anaidai.

Kocha Karisa alisema: uvivu.
Mama alisema: jicho la watu.
Nesi Umazi hakusema kitu. Alinishusha kope ya chini
akachungulia kama achunguliaye kisima kikavu.
"Na udongo," akauliza, "unakula?"
Nikaficha mikono. Kucha zilikuwa zimeshasema.

Sasa ni kidonge na maji ya ndimu,
chai ikae mbali saa mbili nzima.
Chai! Mimi niliyelelewa kwa iliki na tangawizi.
Mchunga jioni. Maini Ijumaa, pesa zikiwapo.
Choo cheusi kama lami; hilo siwaambii wenzangu.

Leo mvua za bara zimefika.
Mto unashuka mwekundu, unaitia bahari rangi
hadi macho yanapokoma,
wekundu wote huo unapita bure chini ya nyayo zangu,
na mimi natafuta kijiko kimoja tu.

Miezi mitatu, alisema Umazi. Damu haikimbizwi.

Basi natembea. Mia na sita. Mia na saba.
Kijana wa viatu vipya ananipita, anageuka kunitazama.
Pita, mwanangu.
Mia na nane.